Makasri ya Kaisari na Mipaka Iliyohama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa ndugu zetu wanaofika Polandi, Alsace au pwani ya Baltiki, wakasimama mbele ya kasri, wakapiga picha, halafu wakauliza: hivi hili ni la nani hasa? Swali fupi, jibu refu. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu makasri manne, Malbork, Poznań, Haut-Kœnigsbourg na Königsberg, na mengine mawili ya kupitia tu.

Kwa nini makasri haya na si mengine?

Kwa sababu matatu kati yake yalipitia mkononi mwa mtu mmoja, Kaisari Wilhelm II, aliyetawala Ujerumani tangu 1888 hadi 1918. Ndiye huyu huyu ambaye bendera yake ilipepea Dar es Salaam, Tabora na Bujumbura. Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919 uliopokonya Ujerumani koloni lake la Afrika Mashariki ndio huo huo ulioirudisha Alsace kwa Ufaransa na kuikabidhi Polandi mji wa Poznań. Babu zetu waliamka wakiwa chini ya Mwingereza au Mbelgiji, na huko Ulaya makasri yakaamka yakiwa na mwenyewe mpya.

Malbork ilijengwa na nani?

Na Shirika la Wateutoni: watawa wa Kijerumani wenye joho jeupe na msalaba mweusi, waliosali alfajiri na kupigana mchana. Ujenzi ulianza miaka ya 1270 kando ya mto Nogat, na kasri likaitwa Marienburg, yaani ngome ya Maria. Mwaka 1309 Mkuu wa Shirika alihamisha makao yake kutoka Venice hadi hapo, na ngome ya kawaida ikawa mji mkuu wa dola. Ni matofali ya kuchoma kuanzia chini mpaka juu, maana mawe ya kujengea upande ule ni haba, na mpaka leo hakuna kasri la matofali linalolizidi kwa ukubwa.

Nimesikia liliuzwa na askari waliodai mishahara. Ni utani?

Si utani. Mwaka 1410 Wateutoni walipigwa vibaya na Polandi na Lituanya katika vita vya Grunwald, lakini kasri lenyewe lilizingirwa na halikuanguka. Kilichokuja kuliangusha ni deni. Katika vita vilivyoanza 1454 Shirika lilikodi mamluki, wengi wao kutoka Bohemia, likashindwa kuwalipa, likawawekea rehani ngome zake. Mamluki walipochoka kungoja wakamuuzia mfalme wa Polandi, Kazimierz Jagiellończyk. Mwaka 1457 akaingia kwa lango kuu, baada ya kulipa, bila hata kuvunja ukuta. Kila mwenye kampuni ya ulinzi angepaswa kuisoma habari hii.

Kwa hiyo ni la Wajerumani au la Wapolandi?

Hesabu mwenyewe. Wateutoni walilishika kama miaka 180. Wafalme wa Polandi walilishika tangu 1457 hadi 1772, yaani miaka 315. Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, na baadaye Ujerumani, ililishika tangu 1772 hadi 1945, miaka 173. Kisha Polandi tena. Kila upande una miaka yake ya kutaja, na kila upande hutaja iliyo yake. Mwongozo wa Kijerumani wa zamani uliruka ile miaka 315 kana kwamba mfalme wa Polandi alilala pale usiku mmoja tu. Baada ya 1945 mizani ikageuzwa, na Mjerumani aliyekarabati akawa ndiye mpangaji wa kupita.

Prussia ilipolipata 1772 ililitunza?

Hapana, na hapa ndipo wengi hushangaa. Prussia ya wakati ule ilikuwa dola ya hesabu na gwaride, haikuwa na haja na watawa wa kale. Kumbi zikawa kambi ya jeshi, vyumba vikawekwa mafundi wa kusokota na kufuma, na mwanzoni mwa miaka ya 1800 sehemu kubwa iligeuzwa ghala la nafaka kwa kubomoa dari za karne ya 14.

Kilicholiokoa ni michoro. Msanifu kijana Friedrich Gilly alilichora mwaka 1794, na michoro ikaonyeshwa Berlin mwaka uliofuata. Mwaka 1803 kijana mwingine, mshairi Max von Schenkendorf, akalalamika gazetini kwamba urithi unabomolewa. Mwaka 1804 mfalme akaamuru ubomoaji usimame. Halafu Napoleon akaipiga Prussia, na baada ya kupigwa taifa likaanza kutafuta mababu. Ukarabati ukaanza 1817. Jengo ambalo miaka kumi na mitano nyuma lilikuwa ghala sasa likawa madhabahu ya taifa, bila hata tofali moja kuwa limejua habari hizo.

Kukarabati kuna ubaya gani? Si jambo jema?

Ni jema, ila uliza unakarabati hadi kufikia mwaka gani. Conrad Steinbrecht, aliyesimamia kazi tangu 1882 hadi 1922, alikuwa fundi makini kweli kweli. Alichimba, akapima, akasoma hati za kale. Lakini alichotaka kukirudisha ni kasri la Wateutoni. Mabadiliko ya karne tatu za Kipolandi yaliyomzuia yakaondolewa kama plasta iliyochakaa. Pale ushahidi ulipokosekana akakisia, na akikisia alikisia kwa upande wa Wateutoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokipiga picha na kukiita cha mwaka 1350 ni kazi ya mafundi wa zama za garimoshi na simu ya upepo.

Kaisari alipenda sana kwenda pale. Mwaka 1902 alifanya sherehe ambamo watu walivaa joho jeupe na msalaba mweusi wakasimama kama watawa waliofufuka, naye akatoa hotuba ya kuwashambulia Wapolandi waliokuwa raia wake mwenyewe. Fikiria uko pale, Mpolandi uliyezaliwa chini ya dola hiyo na kulipa kodi yake, unaambiwa na mfalme wako aliyesimama kwenye ukumbi wa kihistoria kwamba wewe ndiwe adui ambaye ukumbi ulijengwa kumzuia.

Wapolandi nao hawakulala. Julai 1910 walisimamisha Kraków, uliokuwa chini ya Austria, mnara mkubwa wa kuadhimisha miaka 500 ya Grunwald. Mwezi uliofuata Kaisari akafungua kasri lake Poznań. Majirani wanajibizana kwa mawe.

Wakati wa Wanazi ilikuwaje?

Baada ya Vita vya Kwanza eneo la Marienburg lilipigiwa kura ya maoni, tarehe 11 Julai 1920, na zaidi ya asilimia 90 wakachagua kubaki Ujerumani. Kasri likawa karibu na mpaka, na jengo la mpakani huwa na kelele. Miaka ya 1930 vijana wa Hitler walifanya sherehe za mienge ndani yake, na chama kikaziita shule zake za makada kwa jina lile lile la ngome za Shirika. Lakini Shirika lenyewe, lililokuwa bado hai kama watawa wa Kikatoliki huko Austria, Wanazi walilipiga marufuku walipoitwaa Austria mwaka 1938. Walilipenda joho, wakamfukuza aliyelivaa. Watawa hao bado wapo. Makao yao ni Vienna.

Mwaka 1945 Wapolandi walilipata likiwa magofu. Kwa nini hawakulibomoa?

Wapo waliotaka. Majira ya baridi ya 1945 jeshi la Ujerumani lilijifungia humo, jeshi la Kisovieti likalipiga kwa mizinga toka mashariki, na ilipofika Machi karibu nusu ya kasri ilikuwa kifusi. Kanisa lilifunuka. Ukutani mwake nje palikuwa na sanamu ya Bikira Maria ya karne ya 14, urefu kama mita nane, imefunikwa vigae vidogo vya kioo vinavyometa kwa mbali. Ilivunjika vipande vipande. Wajerumani wa mji walikimbia au wakahamishwa, wakaja Wapolandi, wengi wakiwa wamepoteza makwao mashariki. Mji ukaitwa Malbork.

Jiweke kwenye viatu vya mtu huyo. Umefika na mabegi mawili, Warsaw imelala chini, matofali ya miji ya Kijerumani iliyobomoka yanapakiwa kwenye mabehewa kwenda kuijenga, halafu mtu anakwambia tutumie pesa kukarabati kasri la Wateutoni. Lakini serikali mpya ilihitaji kuonyesha kwamba nchi hizi, ambazo propaganda iliziita zilizorudishwa, zilikuwa za Polandi tangu zamani, na hapo zile karne tatu za wafalme zikapata kazi. Mwaka 1959 moto uliunguza sehemu ya kasri, wananchi wakaunda kamati ya kulijenga, na 1961 likawa makumbusho. Mwaka 1997 UNESCO ikaliandika kwenye urithi wa dunia. Sanamu ya Maria ilirudi mahali pake 2016.

Kuna jambo ambalo mimi huwa nalisisitiza: mafundi wa Kipolandi walipoanza kujenga upya walitegemea sana vipimo na picha za Steinbrecht. Unaweza kumchukia mtu na bado ukahitaji daftari lake.

Zile sanamu nne za shaba uani ni za nani?

Wengi huzipita wakikimbilia ngazi. Simama kidogo. Ni Wakuu wanne wa Wateutoni, wamevaa deraya na joho, na wanatazama mbele kama watu waliokuwa wakimsindikiza mtu. Ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa chini ya mnara wa mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, uliosimamishwa nje ya kasri mwaka 1877. Yeye juu, wao wanne pembeni kama wazee waliokuja kumtolea ushahidi. Friedrich ndiye aliyeshiriki kuigawanya Polandi mwaka 1772, kwa hiyo baada ya 1945 hakuwa na nafasi. Wazee wakaachwa, maana ni wa zamani sana kiasi cha kusamehewa. Sasa wamebaki walinzi wasio na bosi. Mjini nako, tangu 2010, yuko Kazimierz Jagiellończyk juu ya farasi, yule aliyelinunua.

Kasri la Poznań linaonekana la kale sana. Ni la karne ngapi?

Ya ishirini. Lilijengwa 1905 hadi 1910. Usione aibu, kila mtu hudanganyika, na ndivyo lilivyokusudiwa.

Poznań ulichukuliwa na Prussia 1793. Zaidi ya miaka mia baadaye wakazi wengi bado walikuwa Wapolandi, wakiwa na benki zao, vyama vyao vya ushirika na ukaidi wao. Kaisari akaamua kuupa mji sura ya Kijerumani: ngome kuukuu zikavunjwa, pakajengwa mtaa mpya wa opera, benki na ofisi, na katikati kasri la mtindo wa karne ya 12, mawe ya kijivu mazito, madirisha ya matao, mnara mrefu wa saa. Msanifu alikuwa Franz Schwechten, yule aliyejenga kanisa la kumbukumbu la Berlin ambalo mnara wake uliovunjika umeachwa vile vile. Ujumbe ulisomeka bila maelezo: sisi tuko hapa tangu enzi za Barbarossa, Kaisari Mjerumani wa karne ya 12. Hawakuwepo.

Kaisari alilitumia mara chache tu. Desemba 1918 Wapolandi wa mkoa ule wakachukua silaha, na safari hii wakashinda. Jengo la kumtisha Mpolandi likamwangukia Mpolandi mkononi, likiwa jipya kabisa. Afanye nini? Akaligawa: sehemu makazi ya rais anapotembelea mji, sehemu chuo kikuu. Mwaka 1929 ofisi ya mafumbo ya jeshi la Polandi iliendesha kozi ya siri ya kufumbua maandishi ya mafumbo kwa wanafunzi wa hisabati wa chuo hicho wanaojua Kijerumani vizuri. Watatu kati yao, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, ndio waliofumbua siri za Enigma, mashine ya kuficha ujumbe ya jeshi la Ujerumani. Rejewski alipata njia mwaka 1932. Walijua Kijerumani, na walisomea katika kasri la Kaisari. Sijui kisasi kingine kilichonyooka namna hii.

Na Hitler alikaa humo?

Aliandaliwa, hakuja. Mwaka 1939 Ujerumani iliuchukua tena mkoa huo, na mipango ya kuligeuza kasri ikaanza chini ya msanifu Franz Böhmer. Kikanisa cha Kaisari, kilichojaa mozaiki za kuiga kikanisa cha wafalme huko Palermo, kilikwanguliwa chote. Mahali pake pakawa ofisi ya Führer: mlango mzito, kuta tupu za mawe, meza mbali sana na mlango ili anayeingia atembee huku akijiona anapungua. Gavana wa Kinazi wa mkoa huo, Arthur Greiser, alipata makazi yake mle mle. Kumbuka kwamba waliokikwangua kikanisa cha Kaisari Mjerumani walikuwa Wajerumani wenyewe. Haikuwa chuki ya taifa kwa taifa. Kaisari alijenga akimwangalia Mungu wa karne ya 12, na hawa hawakutaka mtu mwingine juu ya meza ile.

Vita vilipokwisha mnara ulikuwa umeharibika, ukapunguzwa. Palikuwa na mawazo ya kubomoa jengo zima, lakini mji ulikuwa na njaa ya vyumba kuliko hasira, na halmashauri ikaingia humo. Mwaka 1962 likawa jumba la utamaduni, na mpaka leo ni kituo cha utamaduni: sinema, tamasha, watoto wa darasa la kuchora wakipita mbele ya ile ofisi ambayo mwenyewe hakuwahi kuikalia.

Uwanja ulio jirani unastahili mstari wake. Palisimama sanamu ya Bismarck, chansela aliyeiunganisha Ujerumani, ikaangushwa 1919. Mwaka 1932 pakasimamishwa mnara wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Wajerumani wakauvunja 1939. Tangu 1981 ipo misalaba miwili mirefu ya kuwakumbuka wafanyakazi walioandamana Juni 1956 dhidi ya serikali ya kikomunisti, wakapigwa risasi.

Haut-Kœnigsbourg ni hadithi ile ile?

Ni binamu yake mpole zaidi. Ngome hii ya Alsace imekaa juu ya mlima, zaidi ya mita 700, na Waswedi waliichoma mwaka 1633. Ilikaa gofu zaidi ya karne mbili. Mwaka 1871 Ujerumani iliichukua Alsace, na 1899 mji wa Sélestat ukamzawadia Kaisari lile gofu. Mimi naona mji ulikuwa na akili: gofu ni gharama, mfalme ni pesa. Bodo Ebhardt akalijenga upya tangu 1900 hadi 1908, na likafunguliwa tarehe 13 Mei huku mvua ikinyesha juu ya gwaride la mavazi ya kale. Mchoraji wa Alsace aliyejiita Hansi aliidhihaki sherehe hiyo, naye kwa dhihaka zake alipata mashabiki wengi Ufaransa.

Mwaka 1919 Ufaransa ililirithi. Kwa miaka mingi Wafaransa walilicheka, wakaliita keki ya Mjerumani, ila hawakuligusa. Tai wa Kaisari aliyechorwa na Léo Schnug, mwana wa Alsace, bado ametanua mabawa darini kwenye ukumbi mkuu. Na watalii wanakuja kwa wingi, wala hawaulizi tai ni wa nani. Mwenye duka la keki aliyeondoka aliacha tanuri nzuri.

Kwa nini basi Königsberg halipo kabisa?

Kwa sababu huko mwenyewe mpya hakuwa na karne za kuhesabu. Wateutoni waliliweka 1255, na mwaka 1701 Friedrich wa Kwanza alijitawaza mfalme wa Prussia ndani yake. Agosti 1944 ndege za Uingereza ziliunguza mji, Aprili 1945 jeshi la Kisovieti likauteka, na 1946 ukaitwa Kaliningrad, mji wa Urusi mpaka leo. Mpolandi wa Malbork aliweza kusema wafalme wangu walilishika karne tatu. Mrusi wa Kaliningrad hakuwa na sentensi hiyo. Kuta zilisimama miaka ishirini na zaidi, wasanifu na wenyeji kadhaa wakaomba ziachwe, lakini chama kikaamua, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikalipuliwa.

Jirani yake, tangu 1970, likaanza kujengwa Jumba la Wasovieti, ghorofa juu ya ghorofa za zege. Pesa zikakatika, dola yenyewe ikakatika, jumba halikuwahi kupata ofisi hata moja. Mwaka 2005, mji ulipotimiza miaka 750, walilipaka rangi ya samawati ili lisionekane vibaya mbele ya wageni. Likabomolewa 2023 na 2024.

Kuna sehemu ambako serikali ya Kisovieti ilijenga badala ya kubomoa?

Trakai, Lituanya. Kasri la kisiwani la mtawala Vytautas, aliyefia humo 1430. Kati ya vita viwili lilikuwa upande wa Polandi; baadaye Walituanya, wakiwa chini ya Moscow, walilijenga upya kuanzia miaka ya 1950. Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, alilalamika hadharani kwamba pesa za wafanyakazi zinapotea kwenye majumba ya mabwana. Walimsikiliza kwa heshima, wakamalizia.

Na lile la Dracula?

Bran, Romania. Sahau Dracula, yule mnyonya damu wa hadithi. Transylvania ilipotoka Hungaria kwenda Romania, mji wa Brașov ulimzawadia Malkia Marie kasri hilo Desemba 1920. Wakomunisti wakalichukua 1948, wajukuu wakarudishiwa 2006. Hayo mengine ya meno ni biashara.

Je, kwetu tuna mfano?

Tunao kwenye ulimi. Neno boma lilishikamana na ngome za Mjerumani. Mwingereza akaingia wakati wa Vita vya Kwanza akaketi kwenye meza zile zile, kisha serikali ya uhuru nayo. Boma la Arusha la Wajerumani leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Na wapenzi wasiotaka mambo ya kanisani wala msikitini bado husema wanafunga ndoa ya bomani, hakuna anayefikiria bunduki.

Nikienda Malbork nitatofautishaje tofali la kale na jipya?

Tazama ukuta wa kanisa upande wa mashariki asubuhi, jua likiwa chini. Tofali la kale lina rangi isiyo sawa, jekundu hapa, karibu jeusi pale, na kingo zimelika. La baada ya vita limenyooka, rangi moja. Utaona mstari unapanda na kushuka ukutani: hapo ndipo mizinga iliishia.

Kiti cha enzi cha Kaisari kilienda wapi?

Hakikuenda popote. Kipo Poznań ndani ya kasri, kizito, cha kuiga Wabizanti. Kimebebwa na tembo.